Bwana Harusi na Usingizi wa Mzee Wekesa

Vijana wangu wa yadi,

Mlipokuwa mnaniaga, baada ya keki na zile hotuba zilizonifanya nidhani nimeshakufa, mliniomba mambo mawili. La kwanza, niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani, hasa na Landrova, kwa kuwa ninyi mmezoea magari yanayojisemea yenyewe pale yanapougua. La pili, niwe nikija mara moja moja kupanda gari mlilomaliza kutengeneza, niseme kama liko sawa. La kwanza ndilo hili. La pili nitalijibu mwishoni, maana bila hadithi hii jibu langu mtalichukua vibaya.

Niliingia yadi yetu ya magari ya Kitale nikiwa na cheti kipya cha ufundi, ovaroli iliyonizidi mikono, na viatu vya kanisani kwa sababu sikuwa na vingine vyeusi. Sisi ni watu wa mahindi na maduka. Babu alitoka Murang'a akaja Trans-Nzoia kulima, na katika ukoo wote hakuna aliyewahi kulala chini ya gari kwa hiari yake. Mama alinisindikiza hadi barabarani akinung'unika kwamba nitanuka petroli mpaka siku ya kuolewa. Nilinuka kweli, na nikaolewa, na mume wangu husema hayo ndiyo manukato pekee niliyowahi kujipaka bila kukumbushwa.

Getini nilimkuta Simiyu, fundi kijana aliyenitangulia kazini kwa mwaka mmoja na kujiona amenitangulia kwa kumi. Alinitazama viatu, kisha uso.

"Sasa? Jikoni ni huko nyuma," akasema.

Kabla sijamjibu, na jibu nilikuwa nalo, akatokea mzee mfupi anafuta mikono kwa kitambaa. "Huyu si wa chai, bana. Huyu ni wangu. Mpe glisi."

Huyo ndiye Mzee Wekesa, fundi mkuu, mtu wa Malakisi. Mdomoni mwake l na r zilikuwa zikibadilishana viti zitakavyo. Jina langu ni Nyambura, lakini siku hiyo nikawa Nyambula, na kwake ni Nyambula mpaka leo.

Gari nililokabidhiwa lilikuwa Landrova fupi ya petroli, ya kijani iliyopauka. Kazi yake ilikuwa kumbeba daktari wetu wa ng'ombe pamoja na mtungi wake wa baridi, uliojaa mbegu za mafahali wa gredi, kuwafikia wakulima ambao ng'ombe wao wako kwenye joto. Kule Naitiri watoto wakiliona linakuja walipiga kelele, "Bwana harusi amefika!" na wazee wakajifanya hawajasikia. Jina likashika. Kuna mwenzetu aliwahi kuandika kwenye karatasi za kazi, "Bwana Harusi: kabureta imeoshwa," na mkubwa akatia sahihi bila kuuliza.

Mzee Wekesa alikuwa na sheria chache, na hakuzirudia. Ukifungua bolti, irudishe papo hapo kwenye tundu lake, mizunguko miwili kwa vidole, hata kama kile ilichokuwa ikishika kiko mezani. "Borti isirare nje," alisema, "itaoa kwingine." Shikeni hilo hata mkisahau mengine yote. Katika miaka yangu yote sikuwahi kumaliza kazi nikabaki na bolti mkononi nikijiuliza ilitoka wapi. Simiyu alikuwa na mkebe mzima wa bolti za namna hiyo. Aliuita akiba.

Sheria nyingine ilihusu spana. Landrova za zamani ni za inchi. Spana ya milimita kumi na tatu huingia kwenye nati ya nusu inchi ikicheza kidogo tu, na huo mchezo mdogo ndio unaokula pembe za nati mpaka inakuwa duara kama kifungo cha shati. Siku aliyonikamata na kumi na tatu mkononi aliichukua, akaiweka mfukoni mwake, akanipa ya nusu inchi kutoka sanduku lake. Ile yangu hakunirudishia. Ya kwake ninayo bado.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Gari likishatengenezwa, Mzee Wekesa alipanda kiti cha abiria, fundi aliyelitengeneza akaendesha, na mzee akakunja mikono. Hakusema kitu. Siku moja, kabla yangu, alikuwa akipima gari la Simiyu, na walipofika mteremkoni mzee akafumba macho, kichwa kikalegea. Simiyu alirudi yadini akitembea kama amechaguliwa kuwa chifu. "Gari yangu ni kitanda!" akatangaza. "Mzee amelala fofofo." Tangu siku hiyo yadi nzima tukaamini hivyo: mzee akilala, gari limepita. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Nani angemuuliza fundi mkuu kwa nini anasinzia kazini?

Nami nikataka kimoja tu. Vyeo vije au visije. Nilitaka mzee yule alale ndani ya gari langu. Nilikuwa mwanamke pekee pale, na niliona usingizi wake ndio cheti ambacho Simiyu hangeweza kukibishia.

Sikungoja sana, na afadhali ningengoja. Miezi michache baada ya kuanza, nilipokuwa nikimaliza kumhudumia Bwana Harusi, niliona mafuta yake ya breki yamepungua. Mkebe wa mafuta ya breki ulikuwa mtupu, ila kando yake kulikuwa na mkebe wa mafuta ya haidroli ya trekta, mazuri, mekundu, safi. Nikawaza, mafuta ni mafuta. Nikaongeza. Siku mbili baadaye kukaja habari kwamba Naitiri kuna ng'ombe wa mama mmoja mjane yuko kwenye joto tangu asubuhi. Ng'ombe hangoji, ukichelewa, unasubiri wiki tatu. Mzee akasema tutapima gari huko huko njiani. Daktari akakaa nyuma amekumbatia mtungi wake, mimi nikashika usukani.

Kabla hatujafika Kiminini nikatupa jicho pembeni. Mzee Wekesa amefumba macho. Kichwa kimelegea. Niliendesha nikitabasamu peke yangu kama bibi harusi, nikipanga jinsi nitakavyomwambia Simiyu, kwa upole kabisa, nikimpelekea chai.

Kisha nikaona gari linakuwa zito. Nikakanyaga mafuta, likazidi kuwa zito. Ikaja harufu ya kuungua, na daktari akasema kwa adabu, "Samahani, kuna moshi huku nyuma." Nikasimama. Magurudumu yote manne yalikuwa ya moto, breki zimeshika na hazitaki kuachia. Kama hamjui: mafuta ya trekta yanazivimbisha raba za breki. Raba ikishavimba inaziba njia ya mafuta kurudi, na gari linajifunga lenyewe.

Mzee alikuwa macho tayari. "Umeweka nini?" akauliza.

Nilitamani kudanganya. Nikasema, "Ya trekta."

"Haya. Inama."

Akanionyesha jinsi ya kulegeza zile nati ndogo za kutolea hewa, moja kila gurudumu, presha ikatoka, magurudumu yakaachia. Breki za mguu zikawa zimekwisha kabisa. Lakini breki ya mkono ya Landrova haitumii mafuta. Inashika shafti, nyuma ya gia boksi. Tulifika Naitiri kwa gia ya pili na breki ya mkono, mimi nikitokwa jasho, daktari akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo haikuwa ya furaha. Ng'ombe tulimwahi. Ng'ombe huyo alipozaa, yule mama alimwita ndama Breki, na alikuja kuwa ng'ombe wa maziwa mengi, mpole, mwenye tabia ya kusimama katikati ya barabara.

Mzee hakunigombeza, wala hakumwambia mkubwa. Alinifanya nifungue mfumo wote, nioshe mabomba kwa spiriti, nibadilishe kila raba. Nilipomaliza nilikagua mara mbili, kisha mara ya tatu. Akapanda. Nikaendesha hadi Kiminini na kurudi. Macho yake yalikuwa wazi njia nzima, anatazama nje.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote iliyofuata. Kwenye magari ya Simiyu alisinzia. Kwenye magari ya wengine alisinzia mara moja moja. Kwenye yangu hakufumba hata jicho moja. Alikaa ananionyesha shamba la fulani, anauliza hii mbegu ya mahindi ni gani, ananiambia nani amemwoza binti yake wapi. Nilijua sababu, au nilidhani najua. Mtu aliyesinzia mara moja kwenye gari langu akaamka kwenye moshi, atafumbaje macho tena? Iliniuma. Nilikagua kila kitu mara mbili, sasa kwa mazoea, nikitumaini labda safari hii. Jioni nikipita gereji namkuta mzee peke yake chini ya lile gari la Simiyu alilosinzia mchana, spana mkononi. Nikajisemea, ona, anapenda kazi ya Simiyu mpaka anarudi kuiangalia tena.

Alistaafu, akarudi Malakisi. Simiyu naye akaondoka, akafungua gereji yake Bungoma mjini, na ukutani akaandika kwa herufi kubwa za bluu: GARI YAKO ITAKUWA KITANDA. Mimi nikabaki na ninyi.

Siku zangu za mwisho kazini yadi ilipiga mnada magari mabovu, na Bwana Harusi alikuwemo, amekaa kwenye nyasi nyuma ya stoo, kuku wa mlinzi wanatagia kiti cha dereva. Nilimnunua, nikaondoka naye. Trekta lilimvuta mpaka kwangu Kibomet, mume wangu akasimama mlangoni na kikombe.

"Nilidhani umestaafu," akasema.

"Nimestaafu kutengeneza za watu."

Nitawaambia jinsi ya kumfufua mzee kama huyu nyumbani, kwa kuwa najua kuna mmoja wenu anatafuta lake. Msianze na injini, ingawa mtatamani. Anzeni na fremu. Bodi ni ya alumini na haioti kutu, lakini fremu ni chuma, na kutu huila kutoka ndani. Chukua nyundo ndogo, ulale chini, ugonge kila shubiri. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza husema "pu" na kukudondoshea vumbi jekundu machoni. Fremu yangu ilisema "pu" mahali pane. Nilikata, fundi wa kuchomea akaja na mashine yake, tukaweka chuma kipya, nikakipaka rangi mara tatu.

Kisha magurudumu ya mbele, ambako sili zilikuwa zimechoka na grisi inatiririka hadi kwenye matairi. Kisha plagi, na pointi za kuwashia, ambazo sikuwa na fila, kile kibati chembamba cha kupimia pengo lake, nikatumia kona ya kadi ya mwaliko wa harusi. Msicheke. Kadi nzuri ya harusi ina unene unaokaribia kabisa, na mimi mwaka huu nimealikwa harusi za kutosha. Breki niliziacha mwisho na nikazifanya taratibu kuliko vyote: raba mpya, mabomba mapya, na mkebe mpya wa mafuta nilioufungua muhuri mwenyewe. Nikaandika juu yake kwa rangi nyekundu, BREKI TU, ingawa nyumba nzima hakuna mwingine anayeugusa.

Vijana wa bodaboda pale kona ya kwetu walikuwa wananipitia kila siku wakinitania kama bibi yao. "Niaje, shosh! Hiyo ndege itaruka lini?"

"Siku hiyo piki yako ikikataa kuwaka, nitakuja kukuvuta."

Asubuhi alipowaka, alikohoa mara mbili, akatoa moshi mweusi, kisha akatulia akawa ananguruma ile sauti yake ya zamani. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, nimekaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na unyoya mmoja wa kuku. Mume wangu alitoka akanikuta nalia na kucheka. Na pale pale nikajua ninakokwenda. Nilikuwa na nafasi moja iliyobaki.

Nilimpigia Mzee Wekesa simu, nikashika njia: Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele, hadi Malakisi. Bwana Harusi hakunidai hata tone la maji. Mzee alikuwa amesimama getini kabla sijapinda, ameegemea fimbo, kofia kichwani.

"Nimesikia toka kwa kona," akasema. "Nikamwambia Mama Nekesa, hiyo ni Randrova yetu. Kalibu, Nyambula."

Mkewe, Mama Nekesa, alitulisha kuku na ugali mpaka nikawaomba msamaha. Baada ya chai nikasema, kama mtu asiyejali, "Mzee, si tuzunguke kidogo? Unipimie gari."

Alipanda kiti chake kile kile. Mama Nekesa akakaa nyuma kwenye benchi alipokuwa akikaa daktari. Nikaendesha kuelekea Chwele, taratibu, mikono imeshika usukani kwa nguvu. Mzee akakunja mikono. Nikangoja. Kilomita moja. Mbili. Macho yake wazi.

"Unaona hiyo banda ya tumbaku?" akasema. "Ya shemeji yangu. Amegeuza sasa anaweka kuku."

Nikasema naona.

"Na haya mahindi, bana! Ya nani haya?"

Akaongea mpaka Chwele, akaongea kurudi. Aliyajua mashamba yote. Mimi nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo. Miaka yote hiyo, fremu mpya, breki mpya, na bado mzee haniamini kiasi cha kufumba macho.

Tulipoingia kwake nikazima injini, na maneno yakanitoka kabla sijayazuia. "Mzee, hata leo haukulala."

"Nilale nini?"

"Kwa gari za Simiyu ulikuwa unalala. Kwa yangu, tangu ile siku ya breki, haujawahi. Nimengoja hii miaka yote ulale, hata kidogo tu. Nimekuja toka Kitale juu ya hiyo."

Halafu nyuma yangu Mama Nekesa akaanza kucheka. Alicheka akapiga benchi, akashika mbavu.

"Kulala? Huyu? Mama, huyu mzee hajawahi kulala kwa gari tangu anioe! Akifunga macho jua anasikiliza. Juzi mkwe wetu amekuja na gari yake mpya, Baba Nekesa akafunga macho hapo mbele, kushuka akamwambia, beringi ya nyuma upande wa kushoto. Mkwe akakasirika. Ikakufa hapo Kimilili."

Nikamgeukia mzee. Alikuwa ananitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ati mlikuwa mnadhani narara?" akasema. "Kwa gari ya Simiyu? Nani anaweza rara kwa gari ya Simiyu? Kelele nyingi hivyo! Nilikuwa nafunga macho ndio nisikie ni gani mbaya zaidi. Jioni naenda nafunga hizo borti amesahau."

"Kwa nini haukutuambia?"

"Hamkuuliza. Na mtu akijua unasikiriza, anaendesha kama amebeba mayai. Utasikia nini?"

"Na ile siku ya Naitiri? Ulifunga macho."

"Ile siku nilisikia bleki inashika tu hapo kwa geti ya yadi. Nikanyamaza nione kama utasikia. Ulichelewa, lakini ulisikia. Na nikiuliza, ukasema ukweri."

"Na baadaye?"

"Baadaye?" Akafungua mlango, akateremsha fimbo yake kwanza. "Baadaye nilikuona unakagua mara mbiri mbiri. Nikasema, hapa hakuna kitu ya kusikiriza. Wacha mimi niangarie mahindi."

Vijana, mimi si mtu wa machozi, na hiyo ilikuwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Niliegemeza paji la uso kwenye usukani wa Bwana Harusi, nikacheka mpaka Mama Nekesa akaniletea maji. Cheti nilikuwa nacho miaka yote. Nilipewa kila safari, kipande kwa kipande, kila alipouliza shamba hili ni la nani.

Nilirudi nyumbani kupitia Bungoma mjini, mzunguko mkubwa usio na maana, ila nilitaka kupita mbele ya gereji ya Simiyu. Alikuwa nje, mnene sasa, mvi tele. Aliniona, akalitambua gari, akainua mikono yote miwili akipiga kelele kwa furaha kama tumefunga bao. Nikasimama, tukasalimiana, akalizunguka akipapasa bodi. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikatazama yale maandishi ukutani. Alikuwa ameyapaka rangi upya. Nikamwambia gereji yake inapendeza, nikawasha gari. Nanyi mkikutana naye, mwacheni hivyo hivyo.

Sasa lile ombi lenu la pili. Nitakuja, na nitapanda mbele. Mkiniona nimefumba macho na kichwa kimelegea, msipigane mabega mkasema shosh amelala. Tafuteni mahali pazuri msimamishe gari. Lakini mkinisikia nauliza haya mahindi mazuri hivi ni ya nani, endesheni tu, watoto wangu, twende.